Mali bila Daftari: Historia Fupi ya Nukuu za Darasani

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mwenye duka, asije akakopesha sukari na chumvi kisha akasahau nani anadaiwa nini. Lakini mwanafunzi naye anayo mali yake. Mali hiyo ni maneno ya mwalimu, na maneno yakishatoka kinywani hayarudi. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi watu wa zamani walivyojaribu kuyahifadhi maneno ya darasani kwa maandishi, walichofaulu kukihifadhi na kilichowaponyoka. Mwisho nitauliza historia hiyo inatufundisha nini sisi tunaosomesha Kiswahili hapa Burundi na katika nchi jirani, ambako katika madarasa mengi daftari ndilo kitabu cha pekee alicho nacho mwanafunzi.

Maneno yenyewe

Sisi ni walimu wa lugha, basi na tuanze na maneno. Vyombo vingi vya kazi hii vilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na baadhi yake vilitoka mbali zaidi. Neno daftari lilianzia katika neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi ya mnyama iliyotayarishwa, kwa kuwa watu waliandika juu ya ngozi kabla karatasi haijaenea. Kalamu nayo ina asili ya Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni tete, yule mmea wa kando ya maji uliochongwa ncha na kuchovywa katika wino. Imla, ambayo kila mtoto wa shule anaijua na kuiogopa, ni Kiarabu. Kadhalika kunakili, ambako asili yake ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali.

Lakini kuandika ni neno letu la Kibantu. Warundi wanalo, kwandika, na Waganda wanalo, okuwandiika. Katika Kiswahili neno hili lina maana nyingine ambayo vijana wa leo wameanza kuisahau. Mama akisema, "Andika meza," haombi wino. Ataka sahani, bakuli na vikombe vipangwe mahali pake. Kuandika, basi, ni kupanga.

Namwomba msomaji aishike tofauti hiyo mpaka mwisho: kunakili ni kuhamisha, kuandika ni kupanga. Nadhani historia yote ya nukuu za darasani, ambazo wanafunzi wetu huziita notisi, ni mvutano baina ya matendo hayo mawili.

Mwalimu wa Rumi na vijana wake

Warumi walikuwa na hati mkato tangu karne ya kwanza kabla ya Kristo. Sifa yake hupewa Tiro, aliyekuwa mtumwa wa Cicero na baadaye akaachwa huru. Kwa alama zake mtu mwenye mkono mwepesi aliweza kumfuata msemaji bila kuachwa nyuma sana.

Zaidi ya miaka 100 baada ya Tiro, mwalimu mashuhuri wa ufasaha huko Rumi, Quintilian, alitunga kitabu kikubwa juu ya malezi ya msemaji. Mwanzoni mwa kitabu hicho anatoa lalamiko ambalo mwalimu yeyote atalielewa. Asema kwamba vitabu viwili vilikuwa vikienea kwa jina lake, naye hakuvitoa yeye. Kimoja kilitokana na mazungumzo ya siku mbili yaliyoandikwa na watumishi waliopewa kazi hiyo. Cha pili kilitokana na mafunzo ya siku nyingi zaidi, ambayo wanafunzi wake waliyadaka kwa hati mkato kadiri walivyoweza, kisha wakayatangaza. Hakuwatukana. Aliwataja kuwa vijana wema waliompenda kupita kiasi. Hata hivyo ilimbidi aandike upya.

Hapo twaona hatari ya kwanza. Vijana wale walikuwa na mkono mwepesi na moyo safi, lakini walihamisha maneno ya mwalimu kabla mwalimu mwenyewe hajayapanga.

Ghazali na wanyang'anyi

Katika nchi za Kiislamu kusomesha kwa imla kulikuwa desturi yenye heshima kubwa. Sheikh aliketi akasema, wanafunzi wakaandika, na pale mkutano ulipokuwa mkubwa alikuwapo mtu wa kuyarudia maneno kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Yafaa mwalimu wa leo akumbuke, anapotangaza imla, kwamba anatumia neno lenye historia ndefu.

Katika desturi hiyo husimuliwa kisa cha Imamu Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, ambaye jina lake si geni katika darsa za Mwambao wetu. Yasemekana kwamba alipokuwa kijana alisafiri kwenda Jurjan kusoma, akaandika nukuu nyingi, akafunga safari ya kurudi kwao Tus. Njiani wanyang'anyi waliwavamia wasafiri wakachukua kila kitu. Kijana akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie mfuko wake, kwani hauna kitu cha kumfaa ila karatasi zenye elimu aliyoihangaikia. Mnyang'anyi akacheka. Akamwuliza, vipi unadai kwamba una elimu, ilhali tumekunyang'anya na sasa huna? Kisha akamrudishia mfuko. Ghazali akakaa miaka mitatu akizihifadhi moyoni nukuu zake zote, ili siku nyingine akivamiwa asibaki mtupu.

Tusikose kuona kwamba Ghazali hakuacha kuandika. Maisha yake yote aliandika vitabu vingi. Alichojifunza ni kwamba daftari ni ghala, na ghala haliwezi kumlisha mtu asiyeingia ndani yake.

Mawe katika darasa la Paris

Mwezi Desemba 1355 walimu wa kitivo cha sanaa katika Chuo Kikuu cha Paris walikutana kuamua shauri lililowasumbua: mwalimu aseme kwa mwendo gani? Njia ya kwanza ilikuwa kusema kwa kasi, hata akili ya msikilizaji iweze kumfuata lakini mkono usiweze. Njia ya pili ilikuwa kusema polepole, neno baada ya neno, ili wasikilizaji wapate kuandika yote. Wakaamua kuifuata njia ya kwanza na kuikataza ya pili. Zaidi ya hayo, waliweka adhabu kwa mwanafunzi atakayepinga uamuzi huo kwa kupiga kelele, kupiga mbinja au kurusha mawe, yeye mwenyewe au kwa kutuma watumishi wake.

Mtu hakatazi mawe mahali ambapo hayakutazamiwa. Kwa nini vijana wale wawe tayari kuwapiga mawe walimu wao kwa ajili ya imla? Jibu li wazi tukikumbuka kwamba uchapaji wa vitabu ulikuwa bado haujafika Ulaya, nao ulichelewa miaka mia hivi baada ya shauri hilo. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono na bei yake ilikuwa kubwa. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua kitabu alitumaini kutoka darasani na kitabu alichojiandikia. Walimu walitaka wanafunzi wafikiri, na wanafunzi walitaka wasiondoke mikono mitupu. Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Nimelisimulia jambo hili kwa sababu latuhusu. Mwanafunzi wetu anapolalamika kwamba mwalimu anakwenda mbio, tusimwite mvivu upesi. Pengine ni yule yule kijana wa Paris: hana kitabu nyumbani, na anaogopa kuondoka mtupu.

Kitabu kilichotoka katika madaftari

Sasa nafika katika kisa kinachonigusa zaidi, kwa kuwa ni cha somo letu wenyewe. Mwanafunzi anayesoma isimu hukutana mapema na jina la Ferdinand de Saussure. Atafundishwa kwamba lugha ni mfumo, na kwamba jina la kitu halitokani na asili ya kitu hicho. Mfano mmoja wa Saussure ulikuwa wa ng'ombe, ambaye huitwa hivi upande mmoja wa mpaka wa Ufaransa na vingine upande wa Ujerumani. Nasi twaweza kuongeza kwamba Mswahili akisema ng'ombe, Mrundi husema inka, na mnyama ni yule yule. Lakini ni wanafunzi wachache wanaojua kwamba kitabu maarufu chenye mafundisho hayo hakikuandikwa na Saussure. Kilitoka katika madaftari ya wanafunzi wake.

Saussure alikabidhiwa somo la isimu ya jumla katika Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, mwaka 1906. Alilifundisha mara tatu: mwaka 1907, kisha 1908 hadi 1909, na mwisho 1910 hadi 1911. Darasa lake lilikuwa na watu wachache tu. Mwezi Februari 1913 akafariki, akiwa na umri wa miaka 55, bila ya kutoa kitabu juu ya mafundisho hayo. Wenzake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, walitafuta katika karatasi zake miswada ya mihadhara, wasipate ila kidogo sana. Walieleza kwamba marehemu alikuwa akiziharibu rasimu za haraka alizojiandalia kwa kila somo. Nao wenyewe, kwa sababu ya kazi zao, hawakuhudhuria masomo yale.

Ikabidi waombe madaftari. Walisaidiwa hasa na Albert Riedlinger, mmoja wa wanafunzi waliohudhuria, ambaye jina lake limewekwa mbele ya kitabu. Walilichukua somo la mara ya tatu kuwa msingi, wakaongeza yaliyopatikana katika yale mawili ya kwanza, wakayaunganisha yote. Kitabu kilitoka mwaka 1916, kikabadili namna ya kutazama lugha katika nchi nyingi. Lau wanafunzi wale wachache wangaliketi mikono imekunjwa, fikira zile zingalizikwa pamoja na mwenyewe. Hapo methali yetu imetimia.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1957 Robert Godel alichapa uchunguzi wake wa hati zile za asili. Mwaka uliofuata yakajitokeza madaftari ya mwanafunzi mwingine, Emile Constantin, ambayo wahariri wa 1916 hawakuyatumia, na ambayo yana maelezo mengi mno ya somo la mara ya tatu. Tangu mwaka 1967 Rudolf Engler akatoa chapa ya uchunguzi yenye safu sita kwa upana wa ukurasa. Safu ya kwanza ina maneno ya kitabu cha 1916, na zile zinazofuata zina maneno ya madaftari mbalimbali juu ya jambo hilo hilo, pamoja na machache yaliyosalia ya Saussure mwenyewe. Msomaji aweza kupitisha kidole kutoka safu hadi safu akaona mmoja alisikia hivi, mwingine hivi, na wahariri wakaamua vile.

Yaliyoonekana ni ya kutufikirisha. Mpangilio wa kitabu si mpangilio wa darasa: katika somo la mara ya tatu Saussure alianza na lugha mbalimbali zilivyoenea duniani ndipo akaingia katika lugha kama mfumo, ambapo kitabu kimeyageuza. Tena ile sentensi maarufu ya mwisho wa kitabu, isemayo nini hasa shabaha ya isimu, ambayo wanafunzi wa miaka mingi waliikariri kama wasia wa mwalimu, haimo katika daftari lolote la mwanafunzi. Ni ya wahariri. Wala hawakukusudia kudanganya. Walipanga, na katika kupanga wakatia lao bila ya kuliwekea alama.

Mwaka 1996 zilipatikana Geneva, katika nyumba ya ukoo wa Saussure, karatasi alizoandika kwa mkono wake juu ya isimu ya jumla, zikachapwa mwaka 2002. Hata hivyo karatasi hizo hazikuyafuta madaftari. Hadi leo anayetaka kujua nini kilisemwa katika chumba kile hana budi kurejea kwa vijana waliokuwamo.

Daftari langu mwenyewe

Sitakuwa nimesema kweli nikiwazungumzia watu wa Geneva na kujiacha mimi.

Katika chuo cha ualimu nilikosomea alikuwapo mwalimu mwenye daftari lililokwisha badilika rangi kwa uzee. Akifika humpa kiranja, kiranja hunakili ubaoni, nasi hunakili kutoka ubaoni. Kipindi kizima hakikusikika neno, ila chaki na kalamu. Katika somo la historia ya fasihi nilinakili kwamba Utendi wa Tambuka, ule wa Bwana Mwengo wa Pate, ni wa mwaka 1782. Nilipohitimu nikalibeba daftari langu kwenda kazini, nikafundisha kwalo miaka saba.

Mwaka wa saba msichana mmoja wa kiti cha nyuma aliinua mkono. Alikuwa ameazima kitabu kwa mjomba wake. Akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, humu wameandika 1728." Nilimjibu kwamba vitabu hukosewa na wachapaji. Darasa likacheka, naye akaketi.

Jioni ile sikutulia. Moyoni nilikwisha mtia hatiani yule mwalimu wa zamani na daftari lake chakavu. Nikaenda kwa mwenzangu niliyesoma naye, tukalitafuta daftari lake katika sanduku. Lake lilisema 1728. Tulikaa dawati moja, tukatazama ubao mmoja. Kosa lilikuwa la mkono wangu.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikalisahihisha, na nikamwomba yule msichana radhi mbele ya wenzake. Lakini wanafunzi wa miaka sita iliyotangulia walikwisha ondoka, kila mmoja na daftari lake. Baadhi yao ni walimu sasa. Mahali fulani, leo hii, yawezekana mtoto anaandika 1782 kwa mwandiko mzuri, na chanzo chake ni mimi.

Nilinakili miaka mingi bila kuandika. Lau ningalijiuliza hata mara moja, utendi huu uko wapi katika safu ya tendi nyingine, nani alimtangulia nani, tarakimu zile zingalinishtua. Mkono ulifanya kazi, na akili ilikuwa imelala.

Yatupasayo

Historia hii yatuelekeza katika mambo machache yasiyohitaji fedha.

Kwanza, tumpe mwanafunzi nafasi ya kupanga. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieneza njia nyepesi katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya namna ya kusoma chuoni. Ukurasa hupigwa mstari wa wima, pambizo nyembamba kushoto na sehemu pana kulia, na nafasi huachwa chini. Wakati wa somo mwanafunzi huandika kulia kwa maneno mafupi. Baada ya somo hutia kushoto maswali na maneno ya kumkumbusha, na chini huweka muhtasari kwa lugha yake mwenyewe. Kisha huufunika upande wa kulia akajaribu kujibu maswali ya kushoto. Huko kufunika ndiko kumjibu mnyang'anyi wa Ghazali. Daftari lolote, hata lile ambalo watoto wetu huliita ikaye, laweza kupigwa mstari huo.

Pili, tuwape wanafunzi dakika tano mwishoni mwa kipindi walinganishe madaftari wawili wawili. Engler alihitaji miaka kulinganisha ya Geneva. Walioketi dawati moja wahitaji dakika tano tu, nami ningalihitaji dakika moja.

Tatu, tarakimu na majina ya watu tuyataje mara mbili na kuyaandika ubaoni kwa mkono wetu wenyewe. Mawazo yaweza kusemwa kwa kasi ya Paris, lakini mwaka na jina ni haki yake kusemwa kwa imla.

Nne, tuwafundishe kuweka alama panapoanza mawazo yao. Nyota ndogo pambizoni yatosha kuonyesha kwamba hili ni langu, si la mwalimu.

Tano, tusidhani kwamba simu imeumaliza mjadala huu. Mwanafunzi anayeupiga picha ubao amenakili kwa ukamilifu kuliko mtu yeyote katika historia, na makosa yake amenakili pia. Picha hiyo ni ghala nyingine. Kazi ya kupanga iko pale pale.

Na sisi walimu, tuyafungue tena madaftari yetu ya chuoni, tuyalinganishe na vitabu, na tuyalinganishe sisi kwa sisi tunapokutana katika chama chetu. Mimi nitakuja na langu. Ukurasa ule sikuuchana. Nimeukata mwaka 1782 kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake 1728, na pambizoni nimetia tarehe ya siku ile niliposahihishwa na mwanafunzi wangu.